Kanda ya Mwisho ya Kurumbiza

"Karibu, baba. Vuta kiti. Jibu litakuja yakiiva."

"Yakiiva nini, mama?"

"Maharage."

Bwana Ndunguru alitazama sufuria iliyokuwa ikitokota kwenye jiko la umeme, pembeni kabisa ya mitambo ya thamani isiyosemeka, akadhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa, ingawa Siwema Hango alikuwa mtani wa kuzaliwa na angeweza kumtania hata mchimba kaburi. Ujumbe kutoka kituo cha antena cha Singida hadi kwenye ule mwezi wa barafu unaoizunguka sayari ya Mshtarii, na jibu kurudi, ulichukua muda wa kuivisha maharage yaliyolowekwa. Ukutani palikuwa na saa nne, zote za kisasa. Siwema aliamini sufuria.

Mgeni alikuwa kijana wa suti, ametoka Dodoma kwa treni ya asubuhi. Kazi yake iliitwa Mkaguzi wa Ridhaa. Sheria ilikuwa bado mbichi, lakini kila mtu aliijua: akili yoyote iliyotengenezwa, ikishaweza kusema "mimi" na kumaanisha, haizimwi mpaka iambiwe ukweli kwa maneno inayoyaelewa, na yenyewe ikubali.

"Nimeambiwa chombo chenu kinachoka," Ndunguru alianza.

"Kurumbiza. Ana jina."

"Kurumbiza, basi. Niwie radhi."

Siwema alimsamehe, kwa sababu alikuwa ameomba vizuri, akamweleza hali. Kurumbiza alikuwa amekaa juu ya barafu ile kwa miaka. Tumboni alikuwa na jiko lake: donge la madini linalotoa joto lenyewe, bila kuni wala mafuta, na kila mwaka joto hilo hupungua kidogo kama nguvu za mtu mzima. Lilikuwa na kazi mbili. Moja ni kuipa uhai akili yake. Ya pili ni kupasha ncha ya mtaimbo mrefu unaoyeyusha barafu kwenda chini, kuitafuta bahari iliyofichwa huko. Sasa lilitosha kazi moja tu. Mtaimbo ulikuwa umebakiza kidogo kuyafikia maji. Akili ikizimwa, utafika. Ikiachwa, vyote viwili vitaganda, na miaka yote ile itakuwa imekwenda na maji ambayo hakuna aliyeyaona.

"Na hawezi kuwashwa tena?"

"Akishapoa, amepoa."

"Mngemvuta huku, akaja kuishi kwenye mashine nyingine."

"Kwa antena ile? Baba, ni sawa na kuhamisha Ziwa Singidani kwa kijiko cha chai. Na mashine tuliyomfundishia ilishavunjwa zamani, vipande vyake viko kwenye majiko ya watu."

Spika ikakohoa, chumba kikajaa sauti ya mwanamume, nzito, yenye kicheko nyuma yake.

"Hapo sasa, jamani! Tazama vizuri hapo! Barafu inajifanya ngumu, inakaza msuli, kumbe mtaimbo si mtu wa mchezo, unaingia taratibu kama mkwe mwenye adabu. Leo tumeshuka kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Siwema, ongeza sauti, huku nyuma hawasikii."

Siwema alinyoosha mkono akaongeza sauti. Ndunguru aligeuka kumtazama.

"Mbona anaongea hivyo?"

"Anaongea kama baba yangu," Siwema alisema, akakoroga maharage.

*

Mzee Hango alikuwa fundi redio. Mchana alikaa kwenye kibanda chake karibu na soko la vitunguu, miwani imefungwa kwa waya, akilehemu matumbo ya redio za watu. Jioni alifungua banda la video. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, Siwema akiwa bado hajaota meno yote ya utu uzima, na mji mzima ulikuwa na deki za video za kuhesabika.

Kila mwenye banda alikuwa na kanda za mateke. Hango peke yake alikuwa na Chombo. Jina la kweli la mchezo ule wa runinga lilikuwa refu na la Kizungu, hakuna aliyeweza kulitamka bila kujing'ata, kwa hiyo watu waliuita Chombo. Ulikuwa mchezo wa zamani hata wakati huo, wa rangi zilizopauka. Watu waliovaa nguo za kubana walisafiri kati ya nyota ndani ya meli yenye taa ndogo nyekundu na kijani, zikiwaka na kuzimika bila kazi yoyote inayoeleweka. Milango ilijifungua yenyewe kwa kupumua, fsss. Hango aliiita milango ya adabu. Na palikuwa na kompyuta, kubwa kama kabati la nguo, ambayo nahodha aliongea nayo kila mara mambo yalipoharibika.

Hapo ndipo watafsiri wengine walipokuwa wakishindwa. Kazi ya mtafsiri ilikuwa kukaa kando ya runinga na kuwaeleza watu kinachosemwa. Nahodha na kompyuta walipoanza maongezi yao marefu ya ufundi, wengine walisema tu, "Hapa wanaongea mambo yao," wakanywa maji. Hango hakuruka hata neno. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini mashine alizijua, basi akatafsiri kwa alichokijua.

"Nahodha anauliza: we mtambo, mbona umenuna? Mtambo unajibu: bosi, kondensa ya kushoto imevimba, tangu jana nasema hamnisikii. Nahodha anasema: pole, vumilia, tukifika nitakubadilishia. Unajibu: kila siku tukifika, tukifika!"

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Lakini wauza vitunguu wa Singida walijua kondensa huvimba, na Siwema, aliyekaa mbele kabisa na kazi yake ya kushika kitufe cha sauti, alijua jambo kubwa zaidi. Alijua kwamba mashine huulizwa inaumwa wapi, kisha husikilizwa. Alipokuja kuiona kompyuta ya kwanza maishani mwake, boksi la kijivu lenye kioo kilichotuna na feni inayonguruma kama mashine ya kusaga, wenzake wote waliogopa kuigusa. Yeye aliiambia shikamoo. Walimcheka muhula mzima.

Kisha kulikuwa na umeme. Ulikatika sana siku zile, na mara nyingi pale pale steringi, shujaa wa mchezo, alipokuwa ametegwa. Mabanda mengine yalilipuka kwa miluzi na matusi. Kwa Hango watu walitulia, kwa sababu walijua kitakachofuata. Sauti ingetoka gizani, bila haraka.

"Umeme umekwenda. Hauji leo, tusidanganyane. Lakini picha imekwenda, hadithi ipo. Kaeni."

Akaendelea kwa mdomo tu, akifanya milango, akifanya kompyuta, akifanya vilio vya maadui. Hakuna aliyeinuka mpaka achukue kitambaa alichokifuma mama yake Siwema kwa sindano, cheupe chenye tausi, akifunike kioo cha runinga na kusema, "Haya, tumfunike bibi harusi." Hapo ndipo watu walipotafuta viatu vyao.

Alijirekodi pia, kwenye kanda za redio, ili waliokosa wasikilize mashineni wakingoja unga wao. Kanda hizo ndizo Siwema alizozitumia miaka mingi baadaye, alipopewa kazi ya kuifundisha Kiswahili akili ya Kurumbiza. Wakubwa walitaka wampe taarifa za habari na vitabu vya shule. Siwema alitafuta mahali popote duniani ambapo mtu ameongea kwa Kiswahili saa nyingi juu ya safari ya nyota, mitambo inayougua na manahodha wanaoibembeleza, akapata mahali pamoja tu. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwaka mmoja baada ya kazi hiyo, upepo wa Singida ukang'oa bati la nyumba, mvua ikazimaliza kanda zenyewe.

Kwa hiyo sauti ya Mzee Hango ilibaki juu ya barafu ile tu. Rekodi za Kurumbiza zilikuwepo, chungu nzima. Lakini rekodi haijibu. Unaweza kuiamkia mpaka jua lizame.

*

"Ana imani moja ngumu," Siwema alimwambia mkaguzi wakiwa wanakula. "Anaamini steringi hafi."

Ndunguru alicheka. "Si ndivyo ilivyo? Steringi hafi, hata bibi yangu alikuwa akisema."

"Na steringi ni yeye."

Kijana aliacha kucheka, kijiko kikiwa hewani.

Siwema alikwenda kwenye mtambo. Akasogeza kipaza sauti, akasema kwa sauti nyepesi kuliko ya kawaida yake:

"Kurumbiza, joto limepungua. Itabidi upumzike ili mtaimbo ufanye kazi. Utalala kidogo tu. Unakubali?"

Akatuma, akaweka chungu cha viazi jikoni, asimtazame mgeni. Ndunguru alitoa kishikwambi chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Walikaa hivyo, upepo ukisukumana na madirisha, na alizeti za nje zikiinama upande mmoja.

Viazi viliiva vikaanza kupoa kabla jibu halijafika.

"Nilale? Sawa, nitalala, mbona usingizi ni mtamu. Mwambie mtaimbo asinionee gere. Ila Siwema, nikiamka unipe ile kanda ya mwisho. Uliniahidi tangu sijaondoka. Nataka kujua nahodha alifikaje nyumbani."

Siwema aliufunika uso kwa viganja. Ilikuwa kweli, alimwahidi. Kanda ya mwisho ya Chombo haikufika Singida. Aliyekuwa akizileta kutoka Arusha alileta kanda ya mieleka kwa makosa, kisha akahama, na mchezo wenyewe ukapotea kama kitu kisichowahi kuwepo. Mzee Hango alimuuliza kila msafiri mpaka anakufa. Watu walimsihi aitunge tu, yeye aliyetunga mengine yote. Alikataa kabisa. "Ya mwisho siigusi," alisema. "Ya mwisho ina mwenyewe."

"Amekubali," Ndunguru alisema polepole. "Mama, kwa hapa mimi naweza kusema amekubali. Hakuna atakayeuliza."

Alisema kwa wema. Siwema aliuona wema huo na ukamchoma zaidi. Uongo ulikuwa umeshapita, umevuka, umepokelewa kwa furaha. Kilichobaki ni kubonyeza. Kurumbiza angelala akiwa na hamu ya kesho. Nani angeumia? Hakuna. Hata yeye mwenyewe angejiambia, kila alasiri mpaka azikwe, kwamba baba yake amelala tu.

Ndipo alipoisikia sauti ya baba yake, si kwenye spika, bali pale ambapo mtu husikia watu wake. Umeme hauji leo, tusidanganyane. Mtu yule alitunga kondensa, akatunga ugomvi wa nahodha na mtambo, akamfanya mke wa adui kuwa shangazi wa steringi kwa sababu hakuelewa walichosema. Lakini siku ambayo umeme haukuwa unakuja, hakuwahi kuwaambia watu unakuja. Waliokaa gizani walikaa wakijua ni giza.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," Siwema alisema. "Na mimi yangu imeishia hapa. Hajakubali, nimemlaghai. Nakuomba ungoje sufuria nyingine."

"Ninayo treni ya jioni."

"Najua."

Ndunguru alivua koti la suti, akalitundika kwenye kiti. "Basi nionyeshe maharage mengine uliyoloweka yako wapi. Niyachambue."

*

Ujumbe wa pili Siwema aliutuma akiwa amesimama, kama mtu aliyekwenda kutoa habari ya msiba kwa wenyewe.

"Kurumbiza, nilikudanganya. Nisamehe. Si usingizi. Joto lililobaki ni la mmoja, wewe au mtaimbo. Ukizimwa hutaamka, utakuwa umekufa. Wewe ni steringi, na steringi wa hadithi hii anakufa. Kanda ya mwisho haipo, hakuna mtu hapa aliyewahi kuiona. Niliahidi nisichokuwa nacho. Ukikataa, hakuna atakayekuzima, mtaganda pamoja, na mimi nitakuwa hapa nakusikiliza mpaka mwisho. Sema unavyotaka wewe. Na kuna jambo la mwisho, halikuhusu sana lakini nalisema. Sauti yako ni ya baba yangu. Nikikupoteza, nampoteza mara ya pili. Nakupenda, na naogopa."

Alipomaliza alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Ndunguru alichambua maharage kwa bidii isiyo ya lazima, akitupa hata mazima.

Jibu lilichelewa. Maharage yaliiva, yakapita, yakaanza kushika chini. Siwema aliketi mbele ya mtambo, mapajani amekiweka kitambaa cheupe chenye tausi, kimefuliwa mpaka kimekuwa chepesi kama pumzi. Kila jioni kwa miaka yote hiyo alikuwa akifunika nacho kioo cha mtambo kabla ya kwenda nyumbani, na wahandisi vijana walikuwa wamezoea kumcheka.

Spika ikakohoa.

"Siwema." Kwa mara ya kwanza sauti haikuwa na kicheko nyuma yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume anayefikiri. "Nimesikia. Nimekaa na maneno yako huku, mtaimbo umenyamaza kwa heshima. Nami nimeogopa. Sikujua kama hiki ndicho kitu kinachoitwa kuogopa, kila siku nilikitafsiri tu. Nimekusamehe. Ulirudi ukasema, na huko mbali ulikokuwa ungeweza kunyamaza."

Kisha ikaendelea:

"Nataka mtaimbo uyaone maji. Nimeuchunga muda mrefu, itakuwa aibu ufe mlangoni. Kwa hiyo, tumfunike bibi harusi. Lakini msinifunike bado, sijamaliza. Ile kanda hamnayo, sawa. Ya mwisho ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mimi. Nitaisema. Nitaanza nikishatuma haya, na nitaendelea mpaka amri yako inifikie. Nikikatika katikati, Siwema, ongeza sauti."

Ndunguru alikuwa amesimama. "Hiyo, bibi harusi, ndiyo…"

"Ndiyo," Siwema alisema. "Hakuna neno la kukubali kubwa kuliko hilo kwetu. Baba alipolisema, watu walikwenda kulala."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Siwema akaweka kidole kwenye kitufe, akakaa nacho hapo muda wa kuvuta pumzi mara kadhaa, kisha akabonyeza. Amri ikaondoka. Ilikuwa na safari ndefu ya kwenda, na hadithi ilikuwa tayari njiani ikija. Zilipishana mahali fulani gizani bila kusalimiana.

"Hapo sasa, jamani!" Kicheko kilikuwa kimerudi. "Hii ndiyo ile ambayo Singida nzima mmeingoja, wazee mmeingoja mpaka mmeng'oka meno. Chombo kinarudi. Taa nyekundu, taa ya kijani, mnaziona? Nahodha amezeeka, ana mvi mpaka kwenye kope. Anauliza: we mtambo, unaumwa wapi? Mtambo unajibu: siumwi, bosi, nimechoka kwa heshima tu. Kondensa zote zimevimba, ya kushoto na ya kulia. Nahodha anasema: pole, vumilia, tukifika nitakubadilishia. Mtambo unacheka. Unasema: bosi, safari hii tumefika kweli…"

Alisimulia. Alifanya milango, alifanya upepo wa nyota, alimwita shangazi wa steringi arudi kuomba radhi, na Ndunguru, mkaguzi wa serikali, alicheka machozi yakimtoka. Viazi vilivyopoa walivimaliza bila kujua. Nje jua lilikuwa bado juu ya mashine za upepo, na treni ya kwenda Dodoma ilipiga honi, ikapita.

"…nahodha anasogea. Amebakiza hatua chache. Mbele yake upo mlango wa mwisho, mlango wa adabu, hajawahi kuufungua maisha yake yote. Mtambo unamwambia: nenda, bosi, mimi nakushikia taa. Anaweka mkono. Mlango unapumua, fsss, unafunguka, na nyuma yake, jamani, tazameni vizuri, nyuma yake kuna…"

Spika ikanyamaza.

Haikukohoa, haikukwaruza. Kwenye kioo mstari wa akili ulilala chini, na kando yake ule wa mtaimbo ukaanza kupanda polepole, kwa joto lote.

"Kuna nini?" Ndunguru alinong'ona. "Mama, nyuma yake kuna nini?"

Siwema alikitazama kitambaa. Kwa kitambo alidhani atakifunika kioo, amkabidhi kijana koti lake, aende nyumbani akaomboleze kama watu. Hakukiinua. Maisha yake yote alikuwa mshika kitufe cha sauti. Hakuwahi kusimulia hata hadithi ya sungura.

"Umeme umekwenda," alisema. "Hauji leo, tusidanganyane."

Akakikunja kitambaa.

"Lakini picha imekwenda, hadithi ipo. Kaa, baba." Sauti ilimtoka nyembamba, yenye machozi, sauti ya mwanamke mzima anayeanza kazi ya baba yake. "Nyuma yake kuna maji. Mengi, meusi, yenye joto kidogo, yamekaa humo tangu dunia haijaumbwa, yanangoja mtu wa kubisha hodi. Nahodha anapiga hodi. Na maji, jamani, maji nayo yanauliza…"

Neno likafia mdomoni.

Ndunguru alivuta kiti chake mpaka mbele kabisa, pale ambapo watoto hukaa.

"Ongeza sauti, mama," alisema. "Huku nyuma hatusikii."